Miguu ya Mama Mdogo na Sheria ya Bangi

Mama yangu mdogo alifariki mwaka jana, na kwa kuwa marehemu hashtakiwi, naona sasa naweza kusimulia jambo nililolinyamazia kwa muda mrefu. Jambo lenyewe linahusu chupa ndogo ya mafuta ya bangi iliyovuka Ziwa Nyasa kutoka Malawi, ikafika katika nyumba moja ya Mbamba Bay, ikakaa chini ya mto wa kitanda cha mwalimu mstaafu aliyekuwa ametibiwa saratani. Aliyeileta simtaji. Mimi nilijua ilipo nikanyamaza, na ikiwa kunyamaza huko ni kosa, basi kosa ni langu.

Mama mdogo alifundisha hesabu katika shule za msingi za Mbinga mpaka alipostaafu, kisha akarudi kwenye shamba lake huko Umatengo: kahawa karibu na nyumba, na mahindi na maharage kwenye ngoro, mlimani. Kwa msomaji asiyepafahamu, ngoro ni kilimo cha mashimo ambacho Wamatengo wamekirithi tangu zamani. Majani yaliyofyekwa hupangwa kwa mistari inayokatana, hufukiwa kwa udongo, na kila mraba huwa shimo lililozungukwa na matuta. Mvua ikinyesha, maji huingia shimoni badala ya kuteremka na udongo wote mpaka bondeni. Ni kilimo chenye akili sana, lakini kinataka miguu yenye akili pia. Mtu hupita juu ya matuta hayo membamba, katika mteremko mkali, na ili apite ni lazima nyayo zimwambie zimekanyaga wapi.

Nyayo zake ziliacha kumwambia mwaka 2021. Alikuwa amepatikana na saratani ya titi, akafanyiwa upasuaji, kisha akapelekwa Dar es Salaam kwa tibakemikali. Alikaa kwa ndugu yetu Mbagala, na katika sehemu ya mwisho ya matibabu alitundikiwa dripu ya paklitakseli mara moja kila wiki, kwa wiki 12. Uvimbe ulimtoka, na hilo sitalisahau wala sitaki msomaji alisahau. Lakini kuanzia dripu ya tano au ya sita, vidole vya miguu vilianza kufa ganzi, kisha ganzi ikapanda, kisha ganzi yenyewe ikaanza kuwaka. Mikono ikafuata. Alipozieleza dalili hizo hospitalini, aliambiwa kuwa ni uchovu. Hospitali hiyo siitaji, kwa sababu nimezungumza na wagonjwa wa hospitali nyingine na wengi waliambiwa vivyo hivyo.

Haukuwa uchovu. Paklitakseli, dawa iliyotolewa kwanza katika gome la mti mmoja wa misitu ya magharibi mwa Marekani, huua seli za saratani kwa kukakamaza nyuzi nyembamba zilizomo ndani ya seli, hata seli ikashindwa kugawanyika. Bahati mbaya ni kwamba seli za mishipa ya fahamu hutumia nyuzi zilezile kama barabara ya kusafirishia mahitaji yao. Seli inayohisi kidole gumba cha mguu ina mwili wake karibu na uti wa mgongo, na mkia wake hushuka umbali wa kama mita moja. Barabara ikikatika, wa mwisho njiani ndiye anayekufa njaa kwanza. Watu wa Mbamba Bay hawahitaji kuelezwa zaidi. Wanakumbuka hali ilivyokuwa masika kabla ya lami kufika. Ndiyo maana ganzi hii huanza miguuni, kisha mikononi, ikifunika eneo lile lile linalofunikwa na soksi na glavu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kwamba karibu watu 68 katika kila 100 wanaopewa dawa za aina hii huwa na dalili hizo mwezi mmoja baada ya matibabu, na kwamba miezi sita baadaye bado 30 wanazo.

Mama mdogo alikuwa miongoni mwa hao 30. Msimu wa kahawa ulipofika, aliingia shambani akatoka na kikapu chenye mbivu na mbichi pamoja, kwa sababu mchumaji mzoefu hachumi kwa macho peke yake, na vidole vyake havikumwambia tena ipi imelainika. Vifungo vya gauni alifungiwa na mjukuu. Siku alipoanguka kwenye ngoro na kubaki shimoni mpaka jioni, bintiye alikwenda kumchukua, akamteremsha ziwani, kwenye ardhi tambarare.

Huko ndiko nilikomkuta nilipokwenda kumjulia hali mwaka uliofuata. Kila jioni alikuwa akiburuta kiti cha plastiki mpaka ufukweni na kutia miguu yake majini, kwa kuwa maji yalituliza moto. Wachuuzi wa dagaa walimsalimia wakipita. Siku za hewa safi, milima ya ng'ambo huonekana kama mstari wa moshi. Serikali ya Malawi hudai, kwa kutegemea mkataba wa mwaka 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani, kwamba mpaka unapita ufukweni upande wetu. Yetu husema mpaka upo katikati ya ziwa, na mimi nakubaliana na yetu. Lakini jioni moja nilimtania kwamba, kwa hesabu ya Walilongwe, miguu yake ilikuwa Malawi na mwili wake Tanzania.

"Basi miguu yangu imekwishatangulia," akanijibu. "Huko dawa yake inaruhusiwa."

Ndipo akanionyesha chupa.

Nilimwambia kile ambacho mtu wa cheo changu hukisema. Nilimweleza kwamba Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 haina mchezo, kwamba vifungo vyake ni vya miaka mingi, na kwamba umri wake usingemsaidia. Alinisikiliza mpaka mwisho kama mwalimu anavyomsikiliza mwanafunzi aliyejibu swali ambalo halikuulizwa.

"Mwanangu, sikukuuliza habari za sheria. Wewe umesoma. Nakuuliza: inasaidia au haisaidii?"

Sikuwa na jibu. Nafundisha sera za umma. Nimepata kusimamisha mjadala darasani kuhusu vita dhidi ya dawa za kulevya, nikagawa makundi mawili, nikatoa alama. Swali lake halikuwa limewahi kuulizwa na kundi lolote. Nikaomba wiki mbili, nikarudi chuoni, nikamsumbua mwenzangu mmoja anayefundisha famasia, na niliyoyapata nikampelekea.

Yapo mambo yenye uhakika. Miili yetu yenyewe ina vipokezi ambavyo kanabinoidi, yaani kemikali za bangi na jamaa zake, hujishikiza kwavyo. Cha kwanza kilitambuliwa kikamilifu mwaka 1990, na miaka miwili baadaye watafiti wa Jerusalem wakagundua kwamba ubongo hujitengenezea kemikali yake ya kukitumia. Vipokezi hivyo vimejaa katika njia za maumivu, kuanzia neva za mwilini mpaka uti wa mgongo na ubongo. Panya waliopewa paklitakseli au vinkristini, kisha wakapewa kanabinoidi, huonyesha dalili pungufu za maumivu. Mpaka hapo hadithi ni nzuri. Lakini panya hana kahawa ya kuchuma wala hawezi kuulizwa usiku wake ulikuwaje.

Kwa binadamu wenye maumivu ya namna hii hasa, jaribio nililoliona kuwa la maana ni dogo mno. Lilifanyika Kanada, likachapishwa mwaka 2014. Wagonjwa 16 walilikamilisha. Kila mmoja alipewa kwa zamu dawa ya kupuliza kinywani yenye kemikali mbili kuu za bangi, na dawa ya kuigiza isiyo na kitu ndani, bila kujua lini anapewa ipi. Ukiwachukua wote pamoja, tofauti kati ya dawa na maigizo haikuonekana. Ila watano kati yao walipata nafuu ya pointi mbili au zaidi katika kipimo cha 0 mpaka 10. Wengi waliitumia wakalalamikia uchovu, kinywa kukauka, kizunguzungu na kichefuchefu.

"Watano kati ya 16 ni asilimia 31 na kidogo," alisema Mama mdogo kabla sijamaliza sentensi. Kisha akauliza swali ambalo ningefurahi kuulizwa na mwanafunzi wa shahada ya uzamili: "Na ungewapima wengine 16, wangekuwa watano tena?"

Hakuna anayejua. Mapitio makubwa ya mwaka 2018 kuhusu bangi na maumivu ya neva kwa jumla yalihitimisha kwamba huenda madhara yake yakazidi manufaa. Mwaka 2021 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kilikataa kuidhinisha matumizi yake ya jumla kwa maumivu, kikasisitiza kwamba utafiti uendelee. Nilimsomea yote hayo. Nilimwambia pia kwamba tafiti hizo zilitumia dawa zinazojulikana kipimo, ilhali chupa yake ilitoka kwa mtu asiye na mizani wala maabara. Kilichokuwamo hata muuzaji hakukijua.

Alishukuru. Kisha akafungua daftari jipya, kubwa, la mistari, akachora safu kwa rula: tarehe, maumivu kwa alama 10, saa za usingizi, na ya nne aliyoiandika herufi M tu, kwa ajili ya matone. Alichora mpaka siku ya 30.

Daftari hilo ninalo. Maumivu ya siku saba kabla ya M ni 8, 8, 7, 8, 9, 8, 8. Siku zenye M ni tisa: 7, 6, 7, 6, 6, 7, 6, 6, na ya tisa haina alama. Saa za usingizi zilipanda kutoka tatu mpaka sita. Siku ya tisa ameandika kwa mwandiko wake ule wa ubaoni: "Nimeanguka nikienda msalani. Kizunguzungu." Alivunjika mfupa wa kifundo cha mkono. Chupa akaimwaga.

Nimewasimulia watu wachache kisa hiki, na kila mmoja hutoka na kile alichokuja nacho. Mwanaharakati husema: umeona, maumivu yalishuka. Afisa husema: umeona, alivunjika. Mimi nauliza kwa nini alianguka, na jibu nililipata nikiwa nimechelewa. Wakati wote huo alikuwa akimeza amitriptilini kila usiku, vidonge alivyopewa kwa ajili ya maumivu yaleyale. Ni dawa ya zamani, ya bei nafuu, inayolevya usingizi na kushusha shinikizo la damu mtu anaposimama ghafla. Mafuta ya bangi nayo hulevya na kuleta kizunguzungu. Zaidi ya hapo, moja ya kemikali zake, kanabidioli, huzuia baadhi ya vimeng'enya vya ini vinavyoziondoa dawa nyingine mwilini, kwa hiyo kidonge kimoja kinaweza kufanya kazi kana kwamba ni zaidi ya kimoja.

Muuguzi wa zahanati aliyekuwa akimpa vidonge hivyo alijua habari za mchanganyiko. Nilipomwambia, baada ya mazishi, alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Angeniambia, ningemwambia asichanganye. Au ningempunguzia kidonge."

Lakini angewezaje kumwambia? Muuguzi ni mtumishi wa serikali, na mgonjwa alikuwa na kitu ambacho serikali hiyohiyo humfunga mtu kwa kukutwa nacho. Sheria yetu haikuizuia ile chupa kuvuka ziwa. Haikumzuia Mama mdogo kuitumia. Kitu pekee ilichofanikiwa kukizuia ni mazungumzo ya dakika mbili kati yake na muuguzi, na mazungumzo hayo ndiyo yangemwokoa mkono.

Naelewa hofu ya watunga sheria. Nimewaona vijana wetu waliopotelea vijiweni, na sikubaliani na wanaoiita bangi mboga. Sikubaliani pia na wauzaji wa mitandaoni wanaodai inatibu saratani yenyewe, maana wapo waliokatiza dripu kwa kuwaamini, na hao hatutawasikia tena. Lakini hofu hiyo tumewahi kuishinda mahali pengine. Mofini hutokana na afyuni, mmea hatari kuliko bangi, na imo katika mkataba uleule wa kimataifa wa mwaka 1961, ambao katika utangulizi wake unakiri kwamba dawa hizi ni za lazima kwa kupunguza maumivu. Uganda haikuishia kwenye kukiri. Daktari Anne Merriman alianzisha huduma ya wagonjwa mahututi huko Kampala mwaka 1993, kwa mofini ya maji ya kunywa, na kufikia mwaka 2004 kanuni za nchi zilikuwa zimewaruhusu wauguzi waliofunzwa maalumu kuiandika wao wenyewe, kwa sababu madaktari vijijini hawakuwapo. Hakuna aliyesema kwamba Uganda imehalalisha afyuni. Waliandika utaratibu, wakafundisha watu, wakaweka rejesta na makabati yenye kufuli.

Kuhusu bangi, Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya ilipiga kura Desemba 2020 na kuiondoa katika orodha ya mkataba huo iliyotengwa kwa vitu vya hatari zaidi vyenye faida haba ya kitabibu. Kura zilikuwa 27 dhidi ya 25; Kenya ilikuwa upande wa waliopinga. Mapema mwaka huohuo Malawi ilikuwa imepitisha sheria ya kuruhusu kilimo chake kwa dawa na viwanda. Rwanda nayo ikaidhinisha kilimo cha kuuza nje. Hapa kwetu pia wabunge wamewahi kusimama na kusema tunaacha fedha mezani.

Hoja hiyo ya fedha ndiyo inayonitia shaka. Leseni ya Malawi hulipiwa kwa dola, na mkulima wa chamba wa kando ya ziwa, yule ambaye mbegu zake zimeifanya nchi hiyo ijulikane duniani, si yeye aliyelengwa. Mgonjwa wa kijijini pia si yeye. Chupa iliyomfikia Mama mdogo haikutoka katika shamba lenye leseni. Ilitoka katika magendo yaleyale ya miaka yote. Kwa hiyo niliposikia miguu yake imetangulia kwenye nchi ambako dawa yake inaruhusiwa, nilicheka, lakini haikuwa kweli. Kule inaruhusiwa kusafirishwa.

Mimi sidai mashamba. Nadai vitu viwili vidogo ambavyo havihitaji hata ekari moja. Tuna Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa na tuna Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili. Zipewe ruhusa iliyo wazi, ya maandishi, kulijaribu jambo hili kwa wagonjwa wetu, kwa dawa iliyopimwa, na zituambie hata kama jibu ni hapana. Na Wizara iandike waraka, ukurasa mmoja unatosha, kwamba mgonjwa anachomwambia mhudumu wa afya kuhusu alichokitumia hakitakuwa ushahidi wa kumshtaki. Ndugu zangu mlioko wizarani mnaonisoma kimyakimya, huo wa pili mnaweza kuuanza Jumatatu.

Daftari halikuishia kwenye ule mvunjiko. Mkono ulipokuwa bado kwenye plasta, mwenzangu wa famasia alinitajia duloksetini, dawa halali, iliyojaribiwa kwa wagonjwa 231 na matokeo kuchapishwa mwaka 2013: watu 59 katika kila 100 walipungukiwa maumivu, dhidi ya 38 waliopewa ya kuigiza. Ni dawa ya kiasi tu, lakini ndiyo pekee ambayo miongozo ya wataalamu wa saratani huipendekeza kwa maumivu haya. Hakuna aliyekuwa ameitaja kwa mama mwaka mzima. Daktari mmoja wa Songea aliiandika, akiisimamisha kwanza amitriptilini kwa sababu hizo mbili hazipatani. Songea haikupatikana, nikainunua Dar es Salaam nikaituma kwa basi. Kurasa za mwisho zina tano na sita nyingi, nne chache. Ganzi haikuondoka. Mpaka saratani iliporudi, aliweza kuosha vyombo na kuchambua dagaa, na vifungo aliendelea kufungiwa.

Muuguzi yule aliliona daftari wakati wa duloksetini, akaomba kunakili safu zake. Siku ya arobaini alinionyesha lake: wagonjwa wanne wa tibakemikali kutoka vijiji vya ziwani, tarehe, maumivu, usingizi, kwa mwandiko safi. Safu ya nne ameiita "dawa nyingine anazotumia". Nilifungua ukurasa baada ya ukurasa. Safu hiyo haikuwa imejazwa na mtu yeyote.